Chumba Namba Tatu, Mabela

Chumba hakina dirisha.
Kuna kitanda chenye tundu la uso, taulo sita,
chupa ya mafuta ya ufuta ndani ya beseni la maji moto,
na saa ndogo ya jikoni inayolia kama jogoo mwenye mafua.
Nje ni Juni, lami inanata kwenye soli.
Humu kiyoyozi kinanguruma, nami nimevaa soksi.

Cheti changu kilipigwa muhuri Mombasa,
muhuri wa pili Nairobi, wa tatu ubalozini.
Miezi kumi na minne nilikariri majina ya misuli
mbele ya mifupa ya plastiki tuliyoiita Bwana Mkavu.
Hata hivyo kaka yangu akipiga simu hushusha sauti:
"Bado unafanya kazi ile?"
Ile.
Kana kwamba kazi yenyewe imevuliwa nguo.
Namwambia mlangoni kwetu pameandikwa Wanawake Tu,
na kwamba mimi hufunua kipande kimoja,
nikakifunika, ndipo nifunue kingine.
Hunyamaza. Kisha huuliza kama hela imetumwa.

Migongo naijua kuliko nyuso.
Mwalimu wa hesabu kutoka Sib, bega la kulia limepanda,
miaka ishirini ya kuandika ubaoni.
Bibi harusi mwenye hina hadi viwikoni:
aliniomba nisiiguse, kisha akalia. Sikumuuliza.
Na Tigisti, mpishi wa nyumba ya watu,
aliyedunduliza riale kumi na mbili,
akalala robo saa nzima macho wazi,
hajui aifanye nini mikono isiyo na kazi.

Bi Ghanima huja Jumanne.
Kwa Glaiza wa mapokezi husema Kiarabu,
kwangu mimi huinua kidole: zidisha, punguza.
Miezi mitano hivyo.
Mpaka Jumanne moja kiwiko changu kikateremka
ukingoni mwa kombe la bega la kushoto,
kikakuta fundo dogo, kongwe, gumu kama kokwa ya tende,
na kutoka tunduni, ikielekea sakafuni,
sauti ikasema:
"Ala! Taratibu, mwanangu. Hapo pana mtu."

Kiswahili. Kimekunjwa vizuri kama nguo isiyovaliwa,
mikunjo bado inaonekana.
Sikuacha kukanda. Mkono ukishtuka, mwili nao hushtuka.
"Nani, bibi?"
"Mdogo wangu. Nilimfunga mgongoni kwa kanga
siku tuliyohama. Mimi miaka tisa, yeye mzito.
Kichwa chake kilikuwa kikigonga papo hapo unapobonyeza."

Nikangoja. Hakusema yuko wapi yule mdogo,
kama yupo Rustaki na wajukuu, au hakufika.
Nikafanya nilivyofunzwa: nikapunguza uzito,
nikaweka kiganja, nikahesabu pumzi nane.
Fundo halikuyeyuka.
Mafundo mengine si ya kuyeyusha.
Unayasalimia, unapita.

Saa ikalia.
Mganga hajigangi, ndiyo. Dole gumba langu la kulia
linawaka moto tangu Ramadhani,
usiku nalifunga kwa kitambaa chenye barafu,
wala simwambii mtu, mkataba una kipengele chake.
Bi Ghanima akakaa, shuka mabegani,
akanitazama nilivyoupinda mkono kufunga chupa.
"Lete."
Akaubana pale chini penye nyama,
kwa vidole vikavu, kwa nguvu nisiyoitarajia,
dakika mbili zisizo kwenye bei.
Sikuwa nimeguswa na mtu tangu uwanja wa ndege.
"Umeumia," akasema. "Una mwingine. Utumie."

Basi. Akavaa abaya, akatoka,
nikamsikia nyuma ya pazia akiweka miadi ya Jumanne
kwa Kiarabu.

Nikabadilisha taulo.
Mteja wa saa kumi na moja alikuwa keshavua viatu.
Nikaanza na mkono wa kushoto.