Mshono wa Mashoto

Alifika Jumanne, mvua ya Wales ikipiga ubavu ubavu,
Bi Heulwen Prosser, mhakiki kutoka nje,
mwavuli umepinduka, begi kalikumbatia kifuani.
Alikataa keki. Alikubali chai.
"Bila maziwa," akasema, nami nikajua siku itakuwa ndefu.

Majalada ishirini na mawili mezani,
sahihi yangu kila ukurasa, wino wa buluu:
Amefuzu. Amefuzu. Amefuzu. Bado.
Yale manne mazuri nilikuwa nimeyaweka juu,
kama muuza nyanya apangavyo fungu lake.
Hakuyagusa.
Alichomoa la tatu, la tisa, la kumi na nne,
kisha akauliza:
"Na walioshindwa, wako wapi?"

Nani huuliza walioshindwa?
Miaka kumi na tisa nafundisha kuchomelea vyuma hapa Llanelli.
Wahakiki wamekuja, wahakiki wamekwenda,
wote wakiwinda huruma yangu:
yule niliyembeba, yule niliyemfumbia jicho.
Hakuna aliyewahi kuwinda ukali wangu.

Walikuwa wawili.
Mmoja alikwisha kwenda zake kuuza simu.
Wa pili, Tegid Beynon, kijana wa maneno machache,
mashoto,
aliyeshika elektrodi kwa mkono usio wake.
Usio wangu, nijisahihishe.
Mshono wake ulilala kinyume na mishono yote:
magamba ya wenzake yakitazama dirisha,
yake yakitazama mlango.
Mwezi Machi niliandika: *Mwonekano hauridhishi.*
Maneno mawili. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Tulikikuta kipande chake stoo, chini ya sanduku la glavu,
namba kumi na saba imegongwa pembeni,
kutu imeanza kukilamba.
Alivua pete, akapitisha kidole gumba
polepole, kama asomaye maandishi ya vipofu.
Akapima kwa geji. Akapima tena.
"Kikate," akasema.

Nikakibana kwenye jiliwa. Msumeno ukalia.
Nikasugua kwa msasa, nikapaka asidi,
tukasimama bega kwa bega kungoja chuma kiseme.

Kikasema.
Hapana tundu, hapana taka, hapana ufa;
moto umeshuka hadi kwenye mzizi,
vyuma viwili vimesahau
kwamba viliwahi kuwa viwili.

Akaniomba namba tano, kile cha Rhydian,
nilichokuwa nikiwaonyesha wageni.
Juu kiling'aa kama sarafu mpya.
Ndani, vipovu vitatu, vidogo kama ufuta.
"Kimo ndani ya kiwango," akasema, "kwa shida.
Mwache na cheti chake."

Nilianza kujitetea. Nilitaja taa mbovu za karakana,
wanafunzi wengi, fomu zisizokwisha.
Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea,
kisha akaandika mstari mmoja kwenye ripoti,
akaigeuza niisome:
*Kigezo hakitaji mkono.*

Tunasema nyani haoni kundule.
Kumbe tatizo si hilo tu:
siku zote yeye ndiye aliyekabidhiwa
kukagua ya wenzake.

Aliondoka kabla ya giza. Mwavuli aliutupa pipani
na mvua ilikuwa haijakatika.

Saa kumi na moja nikampigia Tegid.
Alikuwa zamuni, kiwanda cha kuku,
mashine zikinguruma nyuma ya sauti yake.
Nilikuwa nimejiandalia maneno, hata ya kuomba radhi,
ila nilipofungua kinywa yakaja mawili tu:
"Tegid, umefuzu."

Kimya. Mtu akamwita kwa ukali, hakuitika.

"Tangu lini?" akauliza.

Nilitazama vile vipande viwili mezani,
nyuso zao zimekatwa, bado zina unyevu.

"Tangu Machi," nikasema.