Ndoo Kumi na Saba

Baba alikuwa fundi bomba, Kyimo.
Miaka thelathini na minne alishuka na kupanda
makorongo ya Rungwe, spana begani,
akilaza sikio chini kama daktari
apate kujua maji yanavuja wapi.

Kaburi, alisema, ni mpangaji asiyehama
wala kulipa kodi.
Akahesabu kwa kidole humo migombani:
babu, bibi, Anyandwile mdogo, mapacha,
shangazi mwenye vigae vya bluu,
hadi tisa, na kila mmoja na saruji yake
alikula migomba mitatu.
"Mtalima wapi? Juu ya kifua changu?"

Ndipo Subilaga akaja likizo toka maabara, Mbeya,
akamweleza njia: maji, moto, magadi,
saa chache ndani ya pipa la chuma.
Nyama hurudi kuwa maji.
Mifupa hubaki myeupe, laini kama chokaa,
ukaipokea nyumbani kwenye kitambaa.
Moshi hakuna. Ubao hakuna.
Baba akacheka mpaka akakohoa.
"Magadi! Yale yale ya mama yenu!
Basi nipikeni kama maharage,
supu mwape migomba."

Baba mdogo Mwaisumo hakucheka.
"Mtu si makande," akasema, akasimama,
akaketi tena kwa kuwa nje mvua.
Mchungaji aliitazama kofia yake.
Ni shangazi Tumpe, muosha maiti wetu,
aliyesema bila kuacha kumenya viazi:
"Nimewaosha ishirini na sita.
Yale maji ya mwisho huyamwaga
penye shina la mgomba, na hamjawahi kuniuliza.
Ndizi mnakula."

Nikaenda Tukuyu na barua,
dole gumba la baba chini, la wino wa zambarau.
Bwana afya alikuwa mpole. Alifunua kurasa,
akarudi, akafunua.
"Kuzika kupo. Kuchoma kupo, kwa wenye desturi hiyo.
Hii ya..." akatafuta neno, hakulipata,
"hii sheria haiijui."
Inaikataza?
"Haiijui, dada. Na kisichojulikana hakina mhuri."
Nikamwomba aandike basi
kwamba mtu alikuja kuuliza.
Akaandika. Kwa penseli.

Aprili baba akafa,
mvua ya Tukuyu siku ya kumi na moja haijakata.
Vijana wakachimba. Futi ya nne
maji yakachomoza ukutani mwa shimo,
baridi, safi, kama bomba alilolifungua mwenyewe.
Wakayateka kwa ndoo kubwa ya rangi.
Mimi nilihesabu: kumi na saba.
Kila ndoo waliimwaga mbali, upande wa barabara,
kama wanafukuza mgeni asiyealikwa,
huku baba, ndani ya misindano ya Mafinga
iliyopakwa vanishi ya mkopo,
akisubiri turubaini.

Migomba mitatu ilikatwa.
Saruji, mfuko mmoja na nusu.
Baba mdogo alilia kuliko sote
na sikuweza kumchukia.

Usiku, wageni walipolala,
nilitoka na kanga kichwani
nikalaza sikio kwenye saruji mbichi
kama alivyonifundisha nikiwa na miaka saba:
funga mdomo, usipumue, ngoja.

Nikangoja.
Chini, polepole, bila mhuri wa mtu,
yalikuwa yanarudi.