Taarifa kwa Jirani

Sheria ya manispaa haina maneno mengi:
ukitaka kujenga, waambie kwanza unaopakana nao.
Ramani, mchoro wa kuta nne, urefu wa paa,
umbali kutoka mpakani kwa mita na sentimita.
Kisha wiki mbili za kungoja.
Asiyejibu huhesabiwa kuwa hana neno.

Nilitaka banda tu. La kuni na baiskeli
na ile skuta ya theluji ya Eilert isiyowaka tena.

Skarvneset ni nyumba tisa mgongoni mwa kilima.
Jua hutuacha mwezi wa Novemba, bila kuaga.

Bi Aslaug alitia saini juu ya goti, hakusoma:
"Jenga, mwanangu. Macho yangu siku hizi ni redio."
Thayalini alisoma kila mstari, hata ule mdogo wa chini,
akanimiminia chai ya iliki, akauliza
nyundo zitaanza saa ngapi, maana mumewe
hurudi alfajiri kutoka kiwanda cha samaki, hulala mchana.
Nikaandika pembeni: si kabla ya saa tisa alasiri.

Ikabaki bahasha moja.

Na Odvar hatujasemezana miaka kumi na moja.
Chanzo ni lundo la theluji: nani alimsukumia nani.
Mimi nasema ni yeye.
Yeye, nasikia, ana maelezo yake.
Tumejifunza kutoa taka kwa zamu, kama walinzi.
Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu;
sheria inasema kimya ni ruhusa.
Mmoja wao hajawahi kupakana na Odvar.

Nikaipeleka dirishani posta, nikalipia ipokewe kwa saini:
barua iende mjini kilomita sita, irudi kilomita sita,
ili ivuke hatua kumi na nane za theluji.

Siku ya tisa nilikuwa nimeshachagua rangi.
Siku ya kumi na tatu nikakuta karatasi chini ya mlango.
Sikuwahi kuuona mwandiko wake:
herufi wima, zimeachana,
kama vijiti vinavyoonyesha ukingo wa barabara iliyofukiwa.

*Wiki ya mwisho ya Januari jua hurudi.
Siku ya kwanza hupenya kati ya nyumba yako na nguzo ya umeme,
hukaa dakika nne juu ya meza yangu ya jikoni.
Banda lako litakuwa hapo.
Sina pingamizi. Nakuarifu tu.*

Nikafungua mchoro. Mchoraji alipima kivuli cha Machi
na kivuli cha Juni. Januari aliiacha.
Nani hupima kivuli cha jua lisilokuwapo?

Nikatoka saa sita mchana, gizani, taa kichwani,
nikang'oa vigingi, nikavisogeza mashariki
mita mbili. Nikavitazama.
Nikaongeza nusu.
Taa ya jikoni kwa Odvar ikazimika, ikawaka.
Huenda ni jibu. Huenda ni balbu.

Mchoro ukibadilika, taarifa hutolewa upya,
na wiki mbili huanza kuhesabiwa tena.
Safari hii sikwenda posta.
Nilivaa buti, nikaibana bahasha kwapani isilowe,
nikahesabu.

Ni hatua kumi na saba.
Miaka yote hii nilidhani ni kumi na nane.