Mbu Dume Haumi

Mlimani Igogo, pale jabali lilipogoma kuhama
watu wakajenga kulizunguka,
kuna kishimo jiweni, upana wa sinia.
Masika kinajaa. Kiangazi kinakauka
na kubaki na mstari mweusi ukingoni
kama masizi ya sufuria.
Si masizi. Ni mayai.

Nyanzobe huyakwangua kwa kijiko cha chai,
anayahesabu kwa Kikerewe, mimi naandika kwa tarakimu.
Miezi sita makavu, na hayafi.
Uyamwagie maji ya bomba, yanaamka
kana kwamba hakuna kilichopita.

Swali letu fupi, linaenea kwenye kibandiko cha chupa:
mama akiwa na kirusi cha dengi,
je, yai hutoka nacho?

Wale tunaowanasa nje, wakubwa tayari,
majike hatuwaulizi.
Jike ana njia nyingi: leo fundi baiskeli,
kesho mwanafunzi, keshokutwa mgonjwa
aliyejilaza mchana mlango wazi.
Ushahidi wake umechanganyika na damu za watu.
Tunawatafuta madume.
Mbu dume haumi. Ana masharubu ya manyoya,
hunyonya utamu wa maua, hufa mapema,
hajawahi kuonja mtu.

Jumanne, kundi la kumi na saba,
madume ishirini wamesagwa wakawa uji kichupani.
Mashine ikapandisha mstari.
Nyanzobe akasema, rudia. Nikarudia.
Ukapanda tena.
"Sasa hawa wamekitoa wapi?" akauliza,
kwa furaha, jibu analijua.
Nikanawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Swali hilo nililisikia nina miaka kumi na minne,
dirisha namba nne, kadi mkononi.
Nesi mgeni, faili hakufungua:
"We mtoto, hiki umekipata wapi?"
Foleni ikakohoa, ikanyamaza.
Sikuwa nimegusa mtu. Nilikuwa nimegusa mpira,
chaki, mapera ya jirani.
Mwanamke mmoja wa kwenye benchi akanijibia,
kwa huruma iliyochoma kuliko sindano:
"Maji hufuata mkondo, dada."

Mama yangu, Nyamisi, hushona sare za shule Mlango Mmoja.
Siku ile hakusema kitu. Alitia uzi sindanoni,
akakosa, akatia, akakosa,
na macho yake yalikuwa mazima.

Nilimchukia miaka miwili.
Naandika hapa kwa kuwa sina daftari jingine.

Makundi mia mbili na sita tulipima.
Lililopanda, moja.
Nilidhani ni sheria, kumbe ni bahati,
yai moja kati ya mengi, na mama mwenyewe
hajui ni lipi. Hakuchagua. Hakulitia alama.
Mdogo wangu Nyasatu alizaliwa bila;
sisemi msafi, neno hilo nimeliacha.
Dozi ilikuwa imefika zahanati.
Mimi niliitangulia dawa kwa miaka mitatu, basi.

Na yale maji ya jiweni, nimeyatazama sana,
hayana mkondo. Hayatoki popote kwenda popote.
Yanakaa tu, yanapata jua,
yanapokea chochote kinachoangukia humo.

Fomu ina safu ya "chanzo", nyembamba,
haipiti herufi nne au tano.
Nikaandika: mama.
Nikaikodolea macho mpaka Nyanzobe akanizimia taa.

Jioni nikapita Mlango Mmoja.
Sasa macho yake yamechoka kwelikweli.
Nikamtilia uzi. Akanitazama kama mtu anayetaka risiti.
Mbu akatua kwenye kifundo cha mkono wake,
mweusi, madoa meupe miguuni.
"Dume au jike?"
"Akiuma, jike."
Akampiga kabla hatujajua.