Gogo Lisilolipwa

Lilitoka majini likichuruzika tope jeusi,
futi kumi na nane, unene wa kunifika kiunoni,
winchi ikilia, trekta la kukodi
likididimia magurudumu ukingoni mwa bayu.
Bayu: ndivyo tuuitavyo huku Luiziana
mto uliosahau kwenda.

Chini ya ute wa kijani, kwenye kichwa cha gogo,
palikuwa na chapa, nyota ndani ya duara,
ya kampuni iliyokufa kabla bibi hajazaliwa.
Baba aliisugua kwa kidole gumba
kama muuza duka anayeishuku noti.

Ozeme, babu yake baba,
alikata misaiprasi kwenye kinamasi hiki
maji yakimfika kifuani.
Walilipwa kwa gogo lililoelea hadi kinuni.
Lililozama halikuhesabiwa.
Lililozama lilikuwa kosa la mkataji:
hakulichuna gome mapema likauke lingali limesimama,
alikuwa na haraka,
alikuwa mvivu,
alikuwa mweusi.

Kama hili ni lake hatujui.
Baba hasemi ni lake.
Anasema, "Odali, washa mashine."

Msumeno wa mkanda ukaingia ukiimba kwa pua.
Ubao wa kwanza ni gamba, wa kutupa.
Wa pili ukafunguka, na mimi niliyeupokea
nikasimama nao mikononi kama mjinga:
rangi ya asali iliyoungua sufuriani,
mistari ya kijani cha zeituni,
na harufu ya pilipili manga, ya kabati la marehemu,
ya mvua ambayo hakuna aliye hai aliyenyeshewa nayo.
Miaka mia na ushee chini ya tope
na hapajaoza hata mahali pa kutia ukucha.

Nilihesabu pete zake kwa ncha ya pini.
Mia tatu na kumi na mbili,
kisha mbu akaniuma nikapoteza hesabu.
Sikuanza upya.

Tukazipanga mbao chini ya mabati,
vijiti katikati ili upepo upite,
rangi kwenye ncha zisipasuke,
matofali juu zisijipinde.
Miaka miwili. Paka alizaa humo mara tatu.

Akaja mtu wa mikahawa kutoka Nyu Olinzi,
viatu vyeupe, tope likamkaribisha.
Alitaka kaunta ya baa "yenye historia".
Akataja bei. Baba akakohoa.
Akaipandisha, akidhani kikohozi ni maneno.
Tukauza.
Nisiwadanganye: tukauza, na hela ikaenda
kwenye figo za mjomba Filojeni na paa la jikoni.

Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo,
lakini mdai yuko kaburini
na mdaiwa hakuwahi kuwa na uso.
Nani amlipe nani? Mikahawa hulipa taslimu.

Mbao nne baba alizificha nyuma ya boti.
Akazipiga randa usiku, baada ya zamu,
maranda yakimjaa nywele
hata mama akasema ameoa kondoo.
Mama Zenobi, ambaye tangu mafuriko
mlango wake ulivimba ukakataa mwimo:
miaka kumi na saba anaubamiza kwa nyonga,
miaka kumi na saba mtaa mzima
unajua saa anayorudi.

Jumapili tukautia mlango mpya kwenye bawaba.
Hakuna rangi, mafuta tu ya kitani,
na chini kabisa, upande wa ndani,
pale ufagio unapogusa,
baba ameingiza kipande cha kichwa cha gogo:
nyota, duara.
Kando yake, kwa patasi, herufi moja, O.

Mama aliufunga. Ukafungika.
Akaufungua, akaufunga tena, kwa kidole kimoja.
Kisha akakaa kwenye kiti akanuna.

"Sasa," akasema, "nitajuaje
kama mmerudi?"