Fyuzi ya Kwanza

Juu ya ghorofa ya tisa, Kutaisi, mwezi wa pili,
chumba cha mashine ya lifti kinanuka grisi na paka.
Tsiuri anabangua mbegu za alizeti,
maganda anayatia mfukoni mwa koti lake mwenyewe.
Ananipa multimita ya njano, kiuno kimezungushiwa utepe:
"Iwashe. Usiiamini bado."

Ncha nyeusi hapa, nyekundu pale.
Kioo kikaandika ishirini na nne nukta moja,
na mbele yake kistari kifupi cha kutoa.
Nikadhani nimeharibu.
"Umezigeuza tu. Inakwambia umesimama upande gani."

Volti, nikaja kuelewa, hazikudai ukate kitu.
Unagusa huku na huku, kama mtu apigaye hodi
bila kuvua viatu,
unaulizia tofauti ya huyu na yule,
unajibiwa, unaondoka,
na waya haujui kama ulipita.

Mkondo hauulizwi mlangoni.
"Zima kwanza," akasema Tsiuri, "ndipo ulegeze skrubu,
uchomoe waya kwenye kiota chake,
na hilo pengo ulizibe kwa mita.
Kila kiendacho kwenye breki kipitie humo,
chote, usikipunje hata tone."
Nikahamisha ncha nyekundu, tundu la ampea kumi.
Nikazima. Nikalegeza. Nikaziba. Nikawasha.
Breki ikaachama, ta!
Sifuri nukta nane tatu.
Sikuwa nimejua kitu kidogo hivyo
kinaweza kubandua taya za chuma.

Kwenye kona ulining'inia waya wa zamani,
umekatwa, hauendi popote.
Nikaupima kwa utundu: volti thelathini na saba.
Nikaruka nyuma. Tsiuri akacheka hadi akapaliwa.
Akaupachika taa ndogo. Giza.
Namba ikaporomoka, ikalala sifuri.
"Mzimu huo. Umelala ubavuni mwa nyaya zilizo hai,
umeambukizwa maneno. Nguvu hauna."
Nikasema: kama kaka yangu Badri, aliyeko Wrocław,
kila Jumapili anakuja wiki ijayo.
"Badri ni Badri," akasema. "Andika namba."

Sasa sikiliza nilivyofanya.
Chini, Guliko wa ghorofa ya nane
alikuwa anagonga mlango wa lifti kwa funguo,
viazi kilo kumi, magoti mabovu,
anatutaja majina, mimi na Tsiuri na marehemu wetu.
Kwa pupa nikarudi kupima volti,
nikageuza kitasa, nikasahau tundu:
ncha nyekundu bado imekaa kwenye ampea.
Cheche ya buluu. Harufu kama ya nywele.
Na kioo, kwa utulivu wote: sifuri.

Nikanyoosha mkono nishike waya.
Tsiuri alinipiga kofi la kiganja, mbegu zikatawanyika.
"Sifuri ya nani hiyo? Ya waya au ya mita?"
Hakupandisha sauti.
"Leo ni ishirini na nne. Kesho utakuwa mbele ya mia tatu na themanini,
na sifuri itakuwa ileile, sura ileile."

Fyuzi mpya niliinunua mwenyewe, sokoni karibu na Rioni,
muuzaji akaitoa kwenye kopo la jamu.
Kabla ya kupima kisichojulikana, nikapima kinachojulikana,
betri ya tochi, moja nukta tano,
kisha nikarudi kwenye kazi.
Jioni Guliko akatumbukiza tetri ishirini.
Nilisikia sarafu ikianguka kwenye kisanduku,
breki ikisema ta,
na viazi vikipanda.

Hakutushukuru. Alisema taa ya ndani inapepesa.

Ile iliyoungua ninayo, kwenye mfuko wa koti,
kioo kimeingia weusi, uzi umekatika katikati.
Naigusa nikiwa kwenye foleni ya mkate.
Na usiku, macho yakikaribia kufumba,
naketi ghafla kitandani:
ncha nyekundu, iko tundu gani?