Kifundo cha Mguu

Dinosaria nimemsamehe.
Ngozi yake tupu kama ndizi iliyomenywa,
ilhali wenye elimu wanasema jamaa zake wengi waliota manyoya,
nimeimeza pamoja na bisi.
Na ule mngurumo, Ghaniya,
mnyama anayewinda hatangulizi kelele;
paka wa uani kwetu analijua hilo
wala hajaenda skuli.
Majitu yaliyoachana kwa mamilioni ya miaka
yamekutanishwa bonde moja, yanauana,
kama kumpiganisha Firauni na trafiki wa Ruwi.
Haya, na hilo pia.

Lakini yule bibie mwenye shati jeupe!
Kateguka kifundo kwenye mwamba,
mguu wa kushoto, nimeuona kwa macho yangu,
kalia, kabebwa mgongoni,
kisha ukuta ukaanguka, picha ikakatika,
na huyo, mbio!
Viatu vimeshabadilika rangi,
shati lililorowa mtoni limekauka,
limepigwa na pasi.

Hapo nikasema, kwa sauti, katika sinema ya Sib,
watu wote wamejifunika shali kwa baridi ya kiyoyozi,
manukuu ya Kiarabu yakikimbizana chini ya picha:
"Muongo!"
Mzee wa mbele akageuka.
Ghaniya akazama kitini mpaka yakabaki macho.

Mie nimesomesha sayansi Ibra
miaka ishirini na sita.
Kifundo nakijua kwa ubao na chaki.
Na changu nakijua kwa njia nyingine,
siku ile ya wadi, nyuma ya Al-Khoudh,
nimeinama kuokota jiwe lililonitia shaka,
lina matundu madogo madogo
kama mkate wa kumimina, kama mfupa uliokatwa,
changarawe ikanitoka chini ya kisigino
nikasikia kah!
Hakuna aliyekata picha.
Nikakaa pale pale, katika kila dakika,
na kila dakika ilikuwa na dakika nyingine ndani yake,
mpaka Suud akaja na gari
na Muatasim akanishika kwapani.
Miezi mitatu ya magongo.
Mpaka leo nikishuka ngazi
mguu huo unanitangulia kuuliza habari.

Tulipotoka, karaki mkononi, kikombe cha karatasi,
Ghaniya akaniuliza taratibu, kama kadhi:
"Shangazi, mguu gani?"
"Wa kulia."
"Harusini kwa Raya ulisema wa kushoto."
Nikapuliza chai.
"Na mwaka jana kulikuwa na mvua, wadi inashuka.
Leo jua. Na lile jiwe,
Idi ile ulipowasimulia wageni,
lilikuwa yai."

Nikanywa. Ikaniunguza ulimi.
Ningemwambiaje? Kwamba mvua naitia mie,
kwa kuwa bila ya mvua nilikuwa mpumbavu tu
niliyetoka adhuhuri na ndara?
Kwamba jiwe nililipeleka chuo,
kijana wa maabara akaligeuza mara moja,
"Chokaa, mwalimu,"
akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu?
Lipo. Linazuia mlango wa jikoni usijipige.

Nikavua kiatu mbele ya duka la halua,
wapita njia wakatazama pembeni,
nikamwonyesha kovu la daktari.
Kulia.
"Andika," nikamwambia.
Akacheka, akaandika kwenye simu:
mguu wa kulia, jua kali, ndara.
"Na yai?"

Wadi ile ina mifupa ya kweli, watu wameichimbua,
vipande tu, vipande,
hakuna hata mmoja uliokamatana na mwenziwe,
na juu ya vipande hivyo mtu mzima mwenye shahada
husimamisha mnyama mzima, mkia na tumbo,
akampa na mwendo.

"Yai," nikasema, "liache kwanza."